KILA MTOTO NA MPIRA WAKE

Ndugu msomaji, jioni ya leo nenda kwenye uwanja wa mpira wa kijiji chenu. Chagua mtoto mmoja umwangalie. Usichague yule hodari. Chagua yule mdogo anayewekwa pembeni. Okota vijiwe. Kila mara mtoto huyo akigusa mpira, weka kijiwe kimoja chini. Giza likiingia, hesabu vijiwe vyako.

Mimi nilifanya hivyo. Nilipata vijiwe saba. Watoto walikuwa wamecheza saa nzima.

Tupige hesabu pamoja. Saa moja ni dakika 60. Wachezaji ni 22 na mpira ni mmoja. Gawanya 60 kwa 22. Hata kama mpira ungegawanywa sawasawa, kila mtoto angepata chini ya dakika 3. Lakini haugawanywi sawasawa. Wakubwa wanaufuata kila unapokwenda, na muda mwingine unatafutwa kichakani.

Sasa mpira ukimfikia yule mdogo, unamponyoka. Sisi watu wazima tuliosimama kando tunapiga kelele: "Butua!" Naye anabutua. Kesho yake anabutua kabla hajauona vizuri. Kuna mtoto mmoja nilimpigia kelele hizo msimu mzima. Baadaye akawa anakaa chini ya mwembe akilinda mashati ya wenzake. Kisha hakuja tena. Nilisema hana kipaji. Kumbe sikuwa nimempa mpira.

Basi tumpe. Si lazima uende dukani. Pelé wa Brazili alitwaa Kombe la Dunia mara 3, mwaka 1958, 1962 na 1970. Alipokuwa mtoto alicheza kwa soksi iliyojazwa makaratasi. Chukua matambara, uyakunje na kuyakaza mpaka yawe duara kama balungi. Yatie ndani ya soksi kuukuu, kisha uzungushie kamba ya katani pande zote na kufunga mafundo. Penye migomba, majani makavu na kamba za mgomba zinafaa sana. Zamani watoto wetu walitumia mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na matambara ni mazito zaidi, kwa hiyo mpira hauchukuliwi na upepo. Waache watoto wajifungie wenyewe. Mtoto huutunza mpira alioufunga kwa mikono yake.

Watoto wakiwa 20, iwe mipira 20. Chora mraba wa hatua kumi kila upande. Wote waingie ndani, kila mmoja akikokota mpira wake, bila kugongana na mwenzake. Mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Kwa upande wa ndani, kisha wa nje. Ukipiga makofi, kila mmoja aukanyage mpira kwa wayo na kusimama. Wataanza wakitazama chini kama watu waliopoteza shilingi. Hapo simama mbele yao uinue vidole. Wapaze sauti waseme ni vidole vingapi, huku wanaendelea kukokota. Atakayetazama chini tu hatajua jibu. Baada ya siku chache utaona vichwa vinainuka.

Hesabu tena kwa vijiwe, ndugu yangu. Havitatosha mkononi.

Lakini mpira wa matambara una upungufu wake. Haudundi. Unafundisha kukokota na kupiga chenga, ila haufundishi kutuliza mpira unaotoka juu. Kwa kazi hiyo tumieni ule mpira mmoja wa kijiji, kwa zamu. Na uangalie ukubwa wake. Mpira wa watu wazima ni namba 5. Mzunguko wake ni sentimita 68 hadi 70, na uzito wake ni gramu 410 hadi 450. Mtoto wa miaka kumi anafaa mpira namba 4, ambao ni mdogo kidogo. Kama hamna namba 4, punguzeni upepo kidogo katika ule mlio nao. Mpira uliojazwa mno hurukaruka kwenye ardhi kavu, na hata mchezaji mzoefu humsumbua.

Kutuliza mpira ni jambo linaloshinda wengi, nami nataka ulielewe vizuri. Umewahi kudaka yai ulilorushiwa? Hukukaza mkono. Uliurudisha nyuma kidogo pamoja na yai, ndiyo maana halikupasuka. Mguu nao ufanye hivyo. Mtoto autangulize mguu, upande wa ndani ukiutazama mpira. Mpira ukigusa mguu, aurudishe nyuma pamoja nao. Akikaza mguu, mpira utaruka kama umegonga gogo. Mrushie kwa mkono, taratibu, kutoka hatua nne. Akipata mara tano mfululizo, rudi nyuma hatua moja. Baadaye ajaribu kwa paja na kifua. Akitaka kujizoeza peke yake, aupige kwenye shina la mti mnene. Asitumie ukuta wa nyumba ya udongo. Mwenye nyumba atatoka na fimbo, na atakuwa na haki.

Mazoezi ya kupiga kichwa yaacheni kwa watoto wadogo. Mwaka 2020 chama cha mpira cha Uingereza kilitoa mwongozo kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga kichwa mazoezini. Sababu ni hofu ya madhara kwa ubongo.

Na wasichana je? Mimi nimeona wanatumwa maji wakati kaka zao wako uwanjani. Mwaka 2022 timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda India kwenye Kombe la Dunia na kufika robo fainali. Wafungieni mipira wao pia. Kazi za nyumbani zigawanywe ili nao wapate nusu saa.

Nusu saa hiyo inatosha, ikiwa ni ya kila siku. Baada yake wachezeni mechi, wanne kwa wanne, kwenye kiwanja kidogo. Mtoto akinyang'anywa mpira kwa kujaribu chenga, wewe uliye pembeni nyamaza. Hili ni gumu kuliko kufunga matambara. Mimi mwenyewe hutafuna kijiti cha mwarobaini ili mdomo uwe na kazi.

Jioni mipira ikusanywe. Ikilowa mvua huwa mizito na huumiza vidole vya mguu, basi ianikwe juani, na kamba zilizolegea zifungwe upya.