Faili la sauti likigoma kulia

Mwanafunzi wa programu anaandika mistari mitatu ya Python, anaiendesha, na kompyuta inanyamaza. Hakuna ujumbe wa kosa, wala hakuna wimbo. Wengi wakifika hapo hukimbilia kubadilisha maktaba: wanatoa pygame, wanaweka nyingine, wanaongeza mistari na kufuta mingine, mpaka programu inavurugika na sauti bado haitoki. Ni kazi ya bure. Faili la sauti likigoma, namna linavyogoma ndiyo ushahidi wenyewe. Kimya kitupu, mlio mfupi wa onyo, sauti nyembamba ya mbiombio, kelele za mchakacho: kila kimoja kina chanzo chake, na anayesikiliza vizuri hupata nusu ya jibu kabla hajagusa kibodi.

Tuanze na kimya, maana ndicho kinachosumbua zaidi. Katika pygame, amri ya kucheza sauti haisubiri sauti imalizike. Inaianzisha tu, kisha Python inaendelea papo hapo na mstari unaofuata. Kama hakuna mstari unaofuata, programu imekwisha, na ikiisha inaondoka na sauti yake. Wimbo wa dakika 4 unakuwa umepewa sehemu ndogo tu ya sekunde. Kwa upande wa Python kila kitu kimekwenda sawa, ndiyo maana haikulalamika. Ipo dalili moja ya wazi: ukiandika amri moja moja kwenye dirisha la Python sauti inatoka, lakini ukiendesha faili zima inapotea. Ukiona hivyo usitafute mbali. Iambie programu isubiri maadamu sauti bado inacheza. Pygame ina amri ya kuuliza hilo, get_busy.

Kimya cha aina nyingine huwapata wanaotumia Colab. Msimbo unaandikwa kwenye kivinjari kilichopo mezani, lakini unaendeshwa kwenye kompyuta za Google zilizo mbali. Ukiiamuru sauti icheze, inatafuta spika kule inakoendeshwa, si hapa ulipokaa. Lazima irudishwe kwenye kivinjari, na hiyo ndiyo kazi ya amri ya Audio iliyomo ndani ya IPython.

Kwenye Windows kuna maktaba ndogo inayokuja pamoja na Python yenyewe, winsound. Hii inacheza WAV pekee, na faili lisipopatikana Windows inaweza kupiga mlio wake wa kawaida wa onyo badala ya wimbo wako. Anayeanza husikia mlio huo akadhani faili lake limeharibika. Faili ni zima, ila halijafikiwa. Na hapa sisi tunaoyapa mafolda yetu majina ya Kiswahili tuna mtego wetu wa pekee. Chukua anwani hii: "C:\nyimbo\taarabu.wav". Kwa jicho la mtu iko sawasawa. Lakini Python, ikikuta mkwaju wa nyuma ukifuatwa na n ndani ya alama za nukuu, inasoma mstari mpya. Ukifuatwa na t, inasoma nafasi ya kichupo. Kwa hiyo inatafuta faili ambalo jina lake lina mstari mpya, kisha "yimbo", kisha nafasi, kisha "aarabu.wav". Faili hilo halipo duniani. Folda likiitwa "ushairi" mambo ni magumu zaidi: mkwaju wa nyuma na u huashiria herufi ya Unicode, na kwa kuwa "shai" si tarakimu halali za mfumo huo, programu inakataa hata kuanza. Weka herufi r mbele ya alama za nukuu, au tumia mkwaju wa kawaida, ambao Windows inaukubali bila shida.

Anwani ikiwa sahihi na faili bado linakataa, usiamini jina lake. Herufi za mwisho baada ya nukta ni lebo tu: mtu akibadilisha .opus kuwa .wav, kilichomo ndani hakibadiliki. Fungua faili kama baiti, usome 12 za mwanzo. WAV halisi, muundo uliotolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991, kwa kawaida huanza na RIFF, kisha baiti nne za ukubwa, kisha WAVE. Ukikuta OggS, hilo ni faili la Ogg, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp huwa hivyo. Ukikuta ID3, kwa kawaida ni MP3. Ukikuta ftyp kuanzia baiti ya tano, ni jamii ya MP4 na M4A. Angalia na ukubwa pia. Kichwa cha WAV ya kawaida kina baiti 44. Faili lenye baiti 44 kamili ni kichwa kisicho na mwili, yaani halina hata sauti moja ndani yake.

Kosa linalonivutia kuliko yote ni la mwendo. Kompyuta haihifadhi wimbi la sauti. Inahifadhi namba, vipimo vya wimbi hilo vilivyochukuliwa mara nyingi kwa sekunde, viitwavyo sampuli. Sikio la binadamu hufika takriban hezi 20,000, na kanuni ya sampuli inadai vipimo vizidi mara mbili ya hapo. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ikachagua sampuli 44,100 kwa sekunde. Namba hiyo ilitokana na kanda za video, zilizotumika kuhifadhi sauti ya kidijitali: mistari 294, mara 50 kwa sekunde, sampuli 3 kila mstari. Zidisha utaipata. Mfumo wa Marekani na Japani, wenye mistari 245 na mara 60, unatoa jibu lilelile.

Studio za video zilishika 48,000. Sasa faili la 48,000 likichezwa kana kwamba ni la 44,100, mahojiano ya dakika 10 yanachukua dakika 10 na sekunde 53, na sauti ya msemaji inakuwa nzito. Likisomwa kinyume, sauti inakuwa nyembamba na ya haraka. Matoleo ya zamani ya pygame yalianza na 22,050 usipotaja kasi ya sampuli. Toleo la 2 lilihamia 44,100. Mchakacho mkali, kwa upande wake, mara nyingi ni baiti za kila sampuli zilizosomwa kwa mpangilio uliogeuzwa.

Mambo haya yanagusa kazi kubwa inayofanyika sasa ya kuifundisha kompyuta kusikia Kiswahili. Whisper, programu ya OpenAI ya mwaka 2022 ya kugeuza usemi kuwa maandishi, inafanya kazi kwa sampuli 16,000 kwa sekunde. Ukiipa jina la faili, inabadilisha kasi yenyewe. Ukiipa namba tupu za 48,000, inazichukua kama za 16,000 bila kuuliza, inasikia usemi uliovutwa mara tatu, na inakuandikia upuuzi bila kuonyesha kosa lolote.

Kwa hiyo ukienda kuomba msaada kwa anayejua zaidi, usiishie kusema "sauti haitoki". Mpelekee baiti 12 za mwanzo, ukubwa wa faili, kasi ya sampuli (kama ni WAV, maktaba ya wave ya Python itakuonyesha), na mwambie ulichokisikia: kimya, onyo, mbio au mchakacho.