Mdai, Mdaiwa na Daftari: Dhana za Msingi za Uhasibu wa Fedha kwa Mwanafunzi wa Kimisagara, Kigali

Ikisiri

Mwanafunzi wa uhasibu jijini Kigali hukutana na dhana zilezile katika lugha kadhaa: Kinyarwanda cha nyumbani, Kiingereza cha darasani, Kifaransa cha madaftari ya zamani na Kiswahili cha biashara ya kanda. Makala hii inaeleza dhana za msingi za uhasibu wa fedha wa ngazi ya kati kwa kutumia biashara ya mfano ya vitambaa katika mtaa wa Kimisagara. Hoja yake kuu ni kwamba ugumu wa somo hili hautokani na hesabu yenyewe. Unatokana na maneno ya kila siku, kama vile mapato, matumizi, deni na akiba, ambayo hubeba dhana mbili kwa pamoja. Makala inaonyesha kuwa mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili, ambao mwanafunzi Mnyarwanda tayari anaujua kwa njia ya lugha yake, unatosha kuzitenganisha dhana nyingi kati ya hizo.

Maneno makuu: uhasibu, istilahi, mnyambuliko, malimbikizo, Kimisagara

1.0 Utangulizi

Kimisagara ni mmojawapo wa mirenge kumi ya Wilaya ya Nyarugenge, karibu na kituo kikuu cha mabasi cha Nyabugogo. Ni mahali pa soko, mafundi cherehani, maduka madogo na vijana wengi. Sehemu ya bidhaa zinazouzwa Kigali hupitia bandari ya Dar es Salaam, na katika safari hiyo Kiswahili ni lugha ya mizigo, ya nauli na ya mikopo.

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Mwezi Februari 2017 Bunge lake lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hata hivyo, urasmi wa lugha hauleti istilahi zake. Mwanafunzi anayesoma uhasibu kwa Kiingereza, kisha akaombwa na jamaa yake mwenye kibanda amweleze kama biashara inapata au inapoteza, hulazimika kutafsiri papo hapo. Akikosea neno, mwenye kibanda hukosea uamuzi: hufunga biashara iliyo hai, au hula fedha ambazo si zake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inatosha kumwambia mfanyabiashara kwamba aandike. Swali la uhasibu wa ngazi ya kati huanza baada ya hapo: aandike nini, lini, na kwa kiasi gani?

2.0 Biashara ya mfano

Ili dhana zisibaki hewani, tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa vitambaa anaanza kazi Kimisagara tarehe 1 Januari akiwa na mtaji wa faranga 2,400,000 taslimu. Kodi za serikali zimeachwa kando kwa ajili ya urahisi. Katika mwezi huo yanatokea mambo yafuatayo:

(a) Ananunua vyerehani viwili kwa faranga 600,000 taslimu, vinavyotarajiwa kutumika kwa miaka mitano bila kubaki na thamani yoyote.
(b) Analipa pango la miezi sita, faranga 300,000.
(c) Ananunua vitambaa 100 kwa faranga 10,000 kila kimoja, taslimu.
(d) Anauza vitambaa 60 kwa faranga 15,000 kila kimoja, jumla 900,000. Kati ya hizo, 500,000 zinalipwa papo hapo na 400,000 ni kwa mkopo.
(e) Mteja mwingine anatanguliza faranga 90,000 kwa sare zitakazoshonwa Februari.
(f) Msaidizi wake anastahili mshahara wa faranga 80,000 wa Januari, utakaolipwa tarehe 5 Februari.

Mwisho wa mwezi sanduku lina faranga 1,090,000. Mfanyabiashara aliyeanza na 2,400,000 anaona pengo la 1,310,000 na kuliita hasara. Sehemu zinazofuata zinaonyesha kwa nini hilo si jina lake.

3.0 Mapato na fedha zilizopokewa

Katika mazungumzo ya kawaida, neno mapato hutumika kwa kila faranga inayoingia. Katika uhasibu, mapato hutambuliwa pale muuzaji anapotimiza alichomwahidi mteja, si pale anapopokea fedha. Hiyo ndiyo kanuni ya kiwango cha kimataifa IFRS 15, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018: mapato hufuata kukabidhiwa kwa bidhaa au huduma.

Kwa hiyo, mapato ya Januari katika mfano wetu ni faranga 900,000 zote, kwa kuwa vitambaa 60 vimeshakabidhiwa. Faranga 90,000 za sare si mapato, ingawa zimo sandukuni. Sare hazijashonwa, na mteja akizikosa atarudi kudai.

Kiswahili kina njia nyepesi ya kulinda tofauti hii. Kitenzi pata hutoa mapato, na kitenzi pokea hutoa kauli ya kutendwa pokewa. Inapendekezwa mwalimu aseme “mapato” kwa kilichochumwa na “fedha zilizopokewa” kwa kilichoingia mkononi, wala asiyachanganye hata mara moja ubaoni.

Utaratibu huu wa kutambua mambo yanapotokea, badala ya fedha zinapotembea, huitwa hapa uhasibu wa malimbikizo. Neno hili lina mtego wake. Msikilizaji wa kawaida husikia malimbikizo ya mishahara, yaani deni lililochelewa. Mshahara wa msaidizi katika mfano wetu haujachelewa, kwa sababu siku yake ya kulipwa haijafika. Hata hivyo ni gharama ya Januari, kwani kazi ilifanywa Januari. Mwanafunzi aelezwe mapema kwamba malimbikizo ya kihasibu hayana maana ya kuchelewa.

4.0 Matumizi, malipo na gharama

Neno matumizi lina tatizo lilelile kwa upande wa pili. Kununua cherehani, kulipa pango na kununua vitambaa vyote ni matumizi katika lugha ya nyumbani. Kihasibu, inafaa kutofautisha malipo, yaani kutoka kwa fedha, na gharama za kipindi, yaani kile kilichotumika au kumalizika katika kuendesha biashara kipindi hicho.

Pango la faranga 300,000 limelipwa lote, lakini Januari imetumia mwezi mmoja tu, yaani faranga 50,000. Zilizobaki, 250,000, ni haki ya kukaa katika kibanda kwa miezi mitano ijayo. Vitambaa 40 ambavyo havijauzwa havijawa gharama. Ni bidhaa zilizobaki, zenye thamani ya faranga 400,000. Kiwango cha IAS 2 kinataka zipimwe kwa gharama yake au kwa thamani halisi ya kuuzika, ile iliyo ndogo. Kama mtindo umepitwa na wakati na kila kitambaa sasa kitaleta faranga 8,000 tu, vitaandikwa kwa 320,000, na tofauti ya 80,000 itahesabiwa kuwa hasara hata kabla ya kuuzwa.

Vyerehani huingiza dhana ya uchakavu. Neno hili, kutoka kitenzi chakaa, humfanya mwanafunzi atazame chombo na kuuliza kama kimezeeka. IAS 16 haiulizi hivyo. Uchakavu ni kugawanya kiasi kinachochakaa cha mali katika miaka ya matumizi yake. Faranga 600,000 kwa miaka mitano ni 120,000 kwa mwaka, sawa na 10,000 kwa mwezi, hata kama vyerehani bado vinang’aa. Aidha, uchakavu si fedha zilizowekwa pembeni kwa ajili ya kununua cherehani kipya.

Sasa faida ya Januari inaweza kupatikana: mapato 900,000, kutoa gharama ya vitambaa vilivyouzwa 600,000, pango 50,000, uchakavu 10,000 na mshahara 80,000. Inabaki faida ya faranga 160,000. “Hasara” ya 1,310,000 ilikuwa mabadiliko ya sanduku, na sehemu kubwa yake imegeuka kuwa vyerehani, vitambaa, pango na madai kwa wateja.

5.0 Deni lina pande mbili

Hakuna neno linalomsumbua mwanafunzi kuliko deni. Kishazi “deni la mteja” kinaweza kumaanisha anachodaiwa mteja au anachodai mteja. Kihusishi la hakisemi ni nani atakayelipa. Katika mfano wetu maana zote mbili zipo kwa wakati mmoja: mteja wa vitambaa anadaiwa 400,000, na mteja wa sare anadai bidhaa ya 90,000. Ya kwanza ni mali ya biashara, ya pili ni dhima yake.

Hapa mnyambuliko unafanya kazi ambayo nomino haiwezi. Kutoka kitenzi dai hupatikana mdai, mwenye haki ya kulipwa, na mdaiwa, mwenye wajibu wa kulipa. Wadaiwa wa biashara huandikwa upande wa mali, na wadai wake upande wa dhima. Mwanafunzi Mnyarwanda hahitaji kujifunza mantiki hii upya. Kinyarwanda hutofautisha kwishyura, kulipa, na kwishyuza, kudai malipo, kwa kubadili mwisho wa kitenzi tu. Lakini nomino umwenda huandikwa sawa kwa deni na kwa nguo, jambo ambalo katika daftari la muuza vitambaa si dogo.

Uhusiano huo kati ya lugha hizi mbili husaidia pia katika faida na riba. Kinyarwanda hutumia inyungu kwa zote mbili. Kiswahili kinayo riba kwa malipo ya kukopeshwa fedha, na faida kwa ziada ya mapato juu ya gharama. Riba inayolipwa kwa SACCO ni gharama inayopunguza faida. Maneno hayo mawili yasipotenganishwa, sentensi hiyo haiwezi hata kusemwa.

Neno mali nalo linahitaji kupimwa. Kwa kawaida mali ni kitu cha mtu, chenye mwenyewe. Mfumo wa Dhana wa mwaka 2018, ambao ni msingi wa viwango vya kimataifa, huangalia udhibiti: mali ni rasilimali ya kiuchumi inayodhibitiwa sasa na biashara kutokana na matukio yaliyopita. Kwa sababu hiyo haki ya kutumia jengo la kupanga kwa muda mrefu huweza kuandikwa kuwa mali chini ya IFRS 16, ingawa jengo ni la mwingine. Pango la miezi sita tu linaweza kuachwa nje ya utaratibu huo, kama lilivyoachwa katika mfano huu.

6.0 Mizania na makadirio

Baada ya kutenganisha maneno, mizania ya tarehe 31 Januari hujipanga yenyewe.

Jedwali 1: Mizania ya biashara ya mfano (faranga)

Mali
Fedha taslimu: 1,090,000
Wadaiwa: 400,000
Bidhaa zilizobaki: 400,000
Pango lililolipwa kabla: 250,000
Vyerehani baada ya uchakavu: 590,000
Jumla: 2,730,000

Dhima na mtaji
Mshahara usiolipwa: 80,000
Malipo ya awali ya mteja: 90,000
Mtaji wa mwanzo: 2,400,000
Faida ya mwezi: 160,000
Jumla: 2,730,000

Pande mbili zinalingana, lakini kulingana si ushahidi kwamba makadirio ni sahihi. Kama inatarajiwa kuwa faranga 40,000 kati ya 400,000 za wadaiwa hazitapatikana, IFRS 9 inataka hasara hiyo itambuliwe sasa, na faida itashuka hadi 120,000. Kwa wajibu ambao kiasi au wakati wake haujulikani kwa uhakika, IAS 37 inaweka masharti matatu: wajibu uwepo tayari kutokana na jambo lililopita, uwezekano wa kulipa uwe mkubwa kuliko wa kutolipa, na kiasi kiweze kukadiriwa kwa njia ya kuaminika. Wajibu huo unaitwa hapa tengo. Usiitwe akiba, kwa kuwa akiba, kama ile ya vikundi vya ikimina, ni fedha zilizopo. Tengo ni dhima iliyokadiriwa, na huenda hakuna faranga hata moja iliyowekwa kwa ajili yake.

7.0 Debiti na krediti

Istilahi mbili hazifai kutafsiriwa. Debiti ikiitwa deni na krediti ikiitwa mkopo, mwanafunzi atashangaa kwa nini fedha taslimu zinapoongezeka huandikwa debiti. Tangu Luca Pacioli alipochapisha maelezo ya uandishi wa pande mbili huko Venice mwaka 1494, wazo limebaki lilelile: kila tukio huandikwa angalau mara mbili, kushoto na kulia, kwa kiasi kilicho sawa. Debiti ni kushoto, krediti ni kulia. Mali na gharama huongezeka kushoto. Dhima, mtaji na mapato huongezeka kulia. Mauzo ya Januari huandikwa hivi: debiti fedha taslimu 500,000, debiti wadaiwa 400,000, krediti mauzo 900,000.

Kanuni hiyo hueleza pia fumbo la taarifa ya benki, ambapo amana ya mteja huonekana kama krediti. Taarifa hiyo ni nakala ya daftari la benki, na katika daftari hilo mteja ni mdai.

8.0 Hitimisho

Mfano wa Kimisagara umeonyesha kwamba sanduku lililopungua kwa faranga 1,310,000 na biashara iliyopata faida ya 160,000 vinaweza kuwa kitu kimoja, katika mwezi mmoja. Anayejua hesabu pekee hawezi kumweleza mwenye kibanda jambo hilo. Anayejua maneno anaweza. Inapendekezwa kwamba walimu na waandaaji wa istilahi wazingatie mambo matatu: neno moja kwa dhana moja katika somo zima, kutumia kauli ya kutendwa pale nomino inapoficha nani analipa na nani analipwa, na kuyatohoa maneno kama debiti na krediti badala ya kuyatafsiri kwa neno lenye maana nyingine. Faida ya mwezi haimpi mwenye kibanda ruhusa ya kutumia zile 90,000 za sare. Mpaka sare zitakapokabidhiwa, daftari lake litaendelea kumwandika kuwa mdaiwa.