Kahawa ya Kihamba: Gunia au Kikombe?

Kijijini Materuni, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, mgeni hukabidhiwa mchi kabla hajaonja chochote. Anatwanga, wenyeji wanamwimbia kumtia kasi. Maganda yanapepetwa kwa ungo, buni zinakaangwa juu ya mafiga mpaka zinakuwa nyeusi, zinarudishwa kinuni, kisha kahawa inachemshwa na kuchujwa. Buni hizo zilichumwa na kuanikwa siku nyingi nyuma, maana kahawa haikauki asubuhi moja. Mgeni anapewa hatua yenye kelele na harufu nzuri. Si ulaghai, ndiyo biashara yenyewe.

Kilo moja ya buni safi hutokana na takriban kilo 5 hadi 6 za kahawa mbivu. Mkulima anayepeleka mzigo chama cha msingi hapangi bei, kwa kuwa arabika hufuata soko la New York, na tangu mgawo wa kimataifa wa mauzo ya kahawa uvunjike mwaka 1989, bei hiyo haijatulia. Wako waliong'oa mibuni wakapanda mboga. Lakini kikombe kinachonywewa chini ya mgomba hupangiwa bei hapohapo, na kikombe hicho hakimalizi hata gramu 15 za buni. KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wa tangu 1933, nao uliliona hilo ukaanzisha ziara zake za Kahawa Shamba.

Ugumu uko kwenye mgawanyo. Mara nyingi mgeni hulipa kampuni ya Moshi au Arusha, na katika bei hiyo mna gari, dereva, mwongozaji na chakula. Mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, hupata kilichosalia. Na jirani yake je? Uzuri unaomleta mgeni si wa kaya moja: ni mifereji ya asili inayozibuliwa kwa zamu, migomba ya ukoo mzima, miti iliyoachwa na mababu. Kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia kwa sababu ya mpangilio huo wote, si kwa kinu kimoja. Kwa maoni yangu, ada ya kijiji yenye risiti ina haki zaidi kuliko bahashishi, hata iwe nono kiasi gani.

Tena shamba libaki shamba. Ndege zilipokoma mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, mgomba na ng'ombe wa zizini waliendelea kulisha kaya. Banda la maonyesho halikumlisha mtu.

Ukipanda huko, uliza ada inapokewa na nani, na ununue kahawa ya kubeba kwa mwenye kihamba mwenyewe. Nenda kuanzia Julai, utaikuta ikiiva mtini.