Bando Si Dawa ya Kila Ugonjwa: Chunguza Kwanza Waifai ya Nyumbani

Saa mbili za usiku ndiyo saa ya simu katika nyumba nyingi za askari. Tangu Machi 2007, askari wa kwanza wa Uganda walipotua Mogadishu kulinda amani, familia nyingi zimezoea kumwona baba katika kioo cha simu kabla ya watoto kulala. Mama huwakusanya watoto, uso wa baba hutokea, kisha picha huganda. Sauti hukatika katikati ya neno. "Baba, hatukusikii!" watoto hupaza sauti, na usiku hupita salamu hazijakamilika. Kesho yake mama huchukua fedha alizoweka kwa ajili ya madaftari ya shule, akanunua bando kubwa zaidi. Usiku ukifika, picha huganda vile vile.

Ndugu msomaji, iwe unaishi Nalufenya mjini Jinja, au Mbale chini ya Mlima Elgon, yafaa ujue kwamba mara nyingi kosa haliko Mogadishu wala haliko katika bando. Limo chumbani mwako. Mtu akaaye kando ya Naili haulaumu mto ndoo yake ikitoboka.

Njia Mbili za Hewani

Uganda haina bahari. Intaneti yake huja kwa mikonga iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, ambayo ilianza kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, kisha hupita nchi kavu hadi kwenye minara ya kampuni za simu. Kutoka mnarani hadi kwenye kisanduku kiitwacho ruta ni njia ya kwanza. Kutoka katika ruta hadi simu ya mama ni njia ya pili, nayo ndiyo iitwayo waifai. Kila njia ina maradhi yake, na dawa ya moja haiiponyi nyingine.

Basi anza kwa kupima. Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, uviache vifaa vingine vyote vimezimwa, upime kasi kwa programu ya kupimia iliyo katika simu. Andika tarakimu. Kisha nenda chumba cha mwisho, upime tena. Usipime mara nyingi mno, kwa kuwa kila kipimo hula bando.

Ikiwa kasi ni ndogo hata karibu na ruta, yaelekea kosa liko katika njia ya kwanza: bando limekwisha, mnara umelemewa na watu wengi, au ruta haiupati mnara vizuri. Pima tena alfajiri, watu wakiwa wamelala. Ikiwa alfajiri kasi ni nzuri na jioni ni mbaya, shaka iangukie msongamano, wa mnarani au wa majirani. Lakini ikiwa karibu na ruta kasi ni nzuri na chumbani ni mbaya, usinunue kitu. Kosa ni la waifai, na waweza kulitengeneza mwenyewe.

Mahali pa Kuweka Ruta

Wengi huificha ruta nyuma ya televisheni, ndani ya kabati au sakafuni. Hayo ni makosa. Chuma hurudisha mawimbi ya redio, maji huyanywa, na ukuta mnene wa matofali au zege huyapunguza nguvu. Kwa hiyo iweke juu, mahali wazi, mbali na friji, mlango wa chuma, kioo kikubwa na mapipa ya maji. Umbali nao ni adui: hata mahali pasipo na ukuta, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya mawimbi hubaki robo tu.

Ruta inayotumia laini ya simu ina mabwana wawili: yataka kuuona mnara na yataka kuwa karibu nanyi. Ijaribu katika kila dirisha, uchague lile ambalo taa zake huonyesha mawimbi mazuri, kisha kaeni karibu na dirisha hilo wakati wa kuzungumza.

Majirani Wanaposema kwa Pamoja

Askari aliyewahi kushika redio ya mawasiliano anajua kwamba wawili wakisema pamoja katika masafa mamoja, hakuna asikiaye. Waifai hufuata adabu hiyo hiyo: kila ruta husikiliza kwanza, na ikisikia mwingine anasema, hungoja. Katika nyumba zilizobanana, ruta ishirini zikiwa katika chaneli moja, kungoja huko ndiko kunakogandisha uso wa baba.

Waifai nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Mwaka 1985 Marekani iliyafungua masafa hayo kwa mawasiliano yasiyohitaji leseni, na kanuni za kwanza za waifai zikatolewa mwaka 1997. Faida yake ni kwamba kila mtu huyatumia bure, na hasara yake ni hiyo hiyo. Jiko la maikrowevu hufanya kazi karibu na masafa hayo, na mnong'ono unaovuja humo huweza kuvuruga simu wakati chakula kinapashwa moto. Spika na visikizio visivyo na waya navyo vimo humo humo.

Dawa ni hii. Fungua ukurasa wa mipango ya ruta kwa anwani iliyoandikwa chini ya kisanduku. Katika gigahezi 2.4, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Programu za bure za simu huonyesha majirani wako katika ipi. Wewe nenda palipo na wachache. Usichague 3 au 8 ukidhani umejitenga, kwa maana hapo utavurugwa na pande mbili. Ikiwa ruta ina gigahezi 5, itumie katika chumba kilicho na ruta: ina nafasi zaidi na hukimbia zaidi, ingawa huchoka upesi mbele ya ukuta.

Wageni Wasioalikwa

Mwisho, hesabu vifaa vilivyoungwa katika ruta. Ukiona simu usiyoijua, badilisha neno la siri; liwe refu, lisiwe jina la mtoto wala namba ya kazi. Wala usiipe waifai yako jina lenye cheo au kikosi, kwa kuwa jina hilo husomwa na kila apitaye barabarani. Angalia pia simu za nyumbani zinazopakua programu mpya au kupeleka picha kimya kimya. Ziagize zifanye kazi hiyo usiku wa manane.

Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, upime, uandike. Ukibadilisha matano pamoja, hutajua lipi lililoponya. Na ikiwa yote yamekamilika na kasi karibu na ruta bado ni ndogo, peleka tarakimu zako kwa kampuni; mteja mwenye daftari hasikilizwi kama mteja mwenye hasira tu.

Fedha za madaftari zibaki kwa madaftari. Saa mbili ikifika, sogezeni viti karibu na dirisha, jiko la maikrowevu lipumzike, na baba amalize salamu zake.