Mwalimu wa muhula: Ana darasa, hana kiti

Zamani sisi watu wa Pwani tukisema "chuo", hatukuwa na maana ya majumba ya ghorofa yenye lango la chuma na bawabu. Chuo kilikuwa ukumbi wa nyumba ya mtu, mkeka uliotandikwa, mbao za kuandikia, na sauti za watoto wakisoma alifu, be, te. Mama akiulizwa mwanawe yuko wapi, hujibu, "Yuko chuoni," na kila mtu akafahamu.

Nami nilikulia katika chuo cha namna hiyo. Nyanyangu, Mungu amrehemu, alisomesha watoto nyumbani kwake Kibokoni, hapa Mombasa, kwa zaidi ya miaka thelathini. Mshahara hakuwa nao. Kila Alhamisi watoto walimjia na senti zao; aliyekosa senti alileta nazi, na aliyekosa nazi alikuja mikono mitupu na asifukuzwe. Lakini siku mtoto anapohitimu, wazee wake walilijua lililo juu yao. Walikuja na kitambaa cha kanzu na sinia ya halua, nao hawakuhitaji kukumbushwa. Nyanyangu akiugua, mtaa mzima ulimpikia.

Leo nami ni mwalimu wa chuo, ila chuo changu ni chuo kikuu. Nina shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, na tangu mwaka 2014 nimefunza ushairi, fasihi simulizi na stadi za mawasiliano katika vyuo vitatu, vya serikali na vya watu binafsi. Katika vyote hivyo sijaajiriwa hata kimoja. Mimi ni mwalimu wa muda au, kama tuitanavyo wenyewe tukiwa kwenye chai, kibarua wa muhula.

Vyuo hivyo sitavitaja, kwa kuwa nia yangu si kumvunjia mtu heshima. Isitoshe, jambo lenyewe limeenea nchi nzima, na mwenye kusoma makala haya akiwa Kisumu au Nyeri atalitambua.

KAZI YENYEWE

Kabla ya muhula kuanza, mwenyekiti wa idara hunipigia simu. "Mwalimu, tuna kozi mbili, utaziweza?" Nami huitikia. Barua ya uteuzi mara nyingi hunifikia muhula ukiwa katikati, na pengine haifiki kabisa. Kozi moja ni saa tatu kwa juma, kwa majuma kumi na manne, yaani saa 42. Katika chuo kimoja nililipwa shilingi 1,000 kwa saa, hivyo kozi nzima ilikuwa shilingi 42,000 kabla ya kodi. Kutunga mtihani, kuusimamia na kuusahihisha, yote yamo humo humo.

Mtu aweza kusema si haba. Lakini kampasi ile ilikuwa nje ya mji, na nauli yangu ya matatu ilikuwa shilingi 400 kwenda na kurudi. Safari kumi na nne ni shilingi 5,600, nami nilizitoa mfukoni kabla sijaona hata senti ya chuo. Darasa la stadi za mawasiliano lilikuwa na wanafunzi 180. Kila mmoja huandika insha mbili, na insha haisahihishwi kwa kuhesabu majibu kama hesabu. Lazima uisome, umwonyeshe kijana pale fikira yake ilipokatika na pale aliposema jambo moja mara tatu. Nilizisahihisha usiku, watoto wangu wakiisha kulala.

Ofisi sina. Mwanafunzi mwenye shida hunikuta chini ya mwarobaini kando ya darasa, au tukazungumza tukitembea kuelekea kituo cha matatu. Mapumziko ya mihula hayana malipo. Muhula ukiisha, najaza fomu ya madai, kiongozi wa darasa aitie saini, mwenyekiti aitie saini, mkuu wa kitivo aitie saini, kisha iende ofisi ya fedha. Huko ndiko inakokwenda kulala.

TULIFIKAJE HAPA

Walimu wa muda walikuwako tangu hapo, lakini hawakuwa wengi hivi. Kuanzia mwaka 1998 vyuo vikuu vya serikali vilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia kwa wingi, wakasomeshwa jioni na siku za mwisho wa juma. Walihitaji walimu, nasi tukaitwa. Mwaka 2013 vyuo vishiriki vingi vilipewa hati kwa mkupuo, na matawi yakafunguliwa hata juu ya maduka. Fedha za wale wa kujilipia ndizo zilizotulipa.

Kisha yakaja matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2016, baada ya serikali kuziba mianya ya wizi wa mitihani. Waliopata alama ya C+ na kuendelea, ambayo ndiyo ya kuingilia chuo kikuu, hawakufika 90,000, na hali mwaka uliotangulia walizidi 160,000. Karibu wote walipewa nafasi na serikali. Wa kujilipia wakapungua, na mfereji uliokuwa ukitunywesha ukakauka. Kozi hazikupungua kwa kadiri ile ile, na walimu wa kudumu hawakuongezwa, basi tukaendelea kuitwa. Kilichobadilika ni kuwa malipo yalianza kuchelewa, kwanza miezi mitatu, kisha sita, kisha mwaka.

Mtu ataniuliza kwa nini sitafuti kazi ya kudumu. Nimeitafuta. Kanuni za mwaka 2014 zilitaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, na uzamifu wahitaji karo na muda. Mimi karo yangu imo ndani ya fomu zile zilizolala.

BINTI WA SIYU

Mwaka 2019 nilifunza kozi ya ushairi wa Kiswahili. Tulisoma Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Wengi wa wanafunzi wangu walitoka bara, na lugha ya Kiamu iliwawia nzito. Ilinibidi niwafasirie ubeti baada ya ubeti. Vijana kadhaa walisema yule bibi alikosea kumfunza bintiye kumtii mume kwa kiasi kile. Nikawaacha wajadiliane.

Ndipo akasimama binti mmoja aliyekuwa akikaa nyuma, ambaye tangu muhula uanze hakusema neno. Akasema yeye kwao ni Siyu, kule kisiwani Pate, mji alioishi Mwana Kupona na mumewe Bwana Mataka. "Yule mama alikuwa mgonjwa," akasema. "Alimwona mwanawe Mwana Hashima angali mdogo, akajua hatamlea. Alimwachia alichokuwa nacho. Kwanza tumsikize, kisha ndio tumkosoe." Darasa likanyamaza.

Insha yake ya muhula aliiandika kwa mkono, kurasa nane. Aliulinganisha utendi ule na Wasiya wa Mabanati wa Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu, uliosikika huko kwa kanda katika miaka ya 1970. Huku ni mama amwasiaye binti yake mmoja, na kule ni imamu awaasiaye mabinti wa mji mzima, zaidi ya miaka mia baadaye. Alionyesha ni hofu gani zilizobaki zile zile na zipi zilizokuwa mpya. Palikuwa na maneno ya kwao Siyu ndani yake, ambayo mtahini mwingine angeyapigia mstari kwa wino mwekundu. Mimi niliyaacha. Nilimpa 27 kati ya 30.

ALAMA ZILIZOFUNGIWA

Wakati ule tulikuwa walimu wa muda kumi na wawili katika kitivo kile, na tulikuwa tunadai malipo ya mihula miwili. Tukakutana, tukapatana: hakuna atakayetoa alama za mitihani mpaka tulipwe. Silaha nyingine hatukuwa nayo. Mwalimu aliyeajiriwa ana chama cha kumsemea, nasi majina yetu hayamo katika orodha yoyote. Niliitikia kwa mdomo wangu mbele ya wenzangu. Karatasi za mitihani nikazitia katika mfuko, nikaufungia kabatini.

Majuma mawili kabla ya mahafali nilipigiwa simu na nambari nisiyoijua.

"Assalaamu alaikum, Mwalimu," ikasema sauti ya mzee. "Niwie radhi kwa kukusumbua. Mimi ni baba wa yule mwanafunzi wako wa Siyu. Nimeambiwa jina lake halimo katika watakaovaa majoho, na kwamba alama zilizokosekana ni za somo lako. Mimi ni mvuvi, na mashua yangu moja nimeiuza kwa ajili ya masomo yake. Sikupigii kukulaumu. Nataka kujua tu, je, mwanangu amekukosea adabu?"

Nilihisi uso wangu ukiniwaka. "La, baba," nikamwambia. "Mwanao hakunikosea hata kidogo."

"Basi ni nani aliyekosa?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Ningeanza kumweleza habari za fomu za madai na ofisi ya fedha, yeye angeniuliza zamhusu nini mwanawe. Nikamwahidi kulitazama jambo hilo, tukaagana. Usiku ule nilifungua kabati. Nilimkumbuka nyanyangu, jinsi alivyomhitimisha mtoto wa mchukuzi wa bandarini aliyekuja mikono mitupu miaka yote. Asubuhi nilipeleka alama za darasa zima.

Ningependa kukuambia, msomaji, kuwa moyo wangu ulitulia. Haukutulia. Mwenzangu mmoja, mzee wa Kitaita aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, alinijia chini ya mwarobaini. Hakupaza sauti. "Dada," alisema, "sote tumeshika watoto wa watu mikononi. Wakubwa wanalijua hilo, ndiyo maana hawana haraka nasi." Kisha akaenda zake. Baada ya juma moja wengine nao walitoa alama zao, kwa kuwa mapatano yalikwisha kuvunjika, na aliyeyavunja ni mimi.

Miezi michache baadaye, Machi 2020, Korona ikafunga vyuo. Walimu walioajiriwa walikaa nyumbani na kazi zao. Sisi tulikaa nyumbani tu. Malipo ya muhula ule wa binti wa Siyu niliyapata mwaka 2021, kwa mafungu mawili. Yule mzee wa Kitaita hakurudi tena kufunza. Nasikia analima.

HAKI NI IPI

Nimelifikiri jambo hili miaka yote hii, nami naona wote wawili walisema kweli, baba wa Siyu na mzee wa Kitaita. Mwanafunzi hana kosa, na mwalimu ana haki yake. Waislamu sote tumefunzwa kuwa mfanya kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na jasho la insha za wanafunzi 180 ni jasho. Ubaya ni kuwapambanisha wawili hawa kisha ukaketi pembeni.

Nyanyangu hakuwa na mshahara, lakini alikuwa na mahali pake. Waliomdai elimu ndio waliomdai kheri, na walionana naye kila siku. Mimi nina mshahara katika karatasi, ila mahali sina. Mzazi hulipa karo na hanijui, na ofisi hunijua kwa nambari ya fomu. Ninayotaka si makubwa: barua yenye tarehe ya malipo kabla ya kipindi cha kwanza, na chumba chenye meza na viti viwili, ili mwanafunzi akija na insha yake tukae.

Nanyi wazazi mnaosoma ukurasa huu, mkimpeleka kijana chuo kikuu, pamoja na kuuliza karo na malazi, ulizeni pia ni nani atakayemfunza na kama hulipwa. Swali hilo likiulizwa na mwalimu wa muhula, hapati simu muhula ujao. Mzazi akiliuliza, hujibiwa.

Yule binti sasa anafunza shule ya upili katika kaunti ya Lamu. Siku ya mahafali alinijia na joho lake na furushi refu chini ya kwapa. Ulikuwa mkeka uliosukwa na bibi yake Siyu. "Baba kasema, mtoto akihitimu mwalimu hatoki hivi hivi," akaniambia. Ndio ninaoukalia usiku ninaposahihisha.