Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: Uliza kabla ya kisu

Hebu tutembee kidogo. Katikati ya jiji la Nairobi huwezi kukosa mchuuzi wa majani ya chai ya kupunguza kitambi. Panda matatu uelekee Westlands au Kilimani, nako utasikia habari za sindano, puto la tumboni na upasuaji. Wateja wapo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kuwa thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi.

Tuseme kweli: upasuaji wa kupunguza unene si ulaghai. Utafiti ulioanza nchini Uswidi mwaka wa 1987, ukafuata maelfu ya watu kwa miaka mingi, ulionyesha kuwa waliopasuliwa walipungua zaidi na vifo miongoni mwao vilikuwa vichache kuliko kwa wenzao ambao hawakupasuliwa. Kwa wengi, hata kisukari kilitulia.

Lakini upasuaji huu si wa aina moja. Kuna ule wa kukata na kuondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula; kilichokatwa hakirudi. Kuna wa kubakisha kijifuko kama yai na kukiunganisha na utumbo mdogo. Baada ya hapo utahitaji vitamini na vipimo vya damu maisha yako yote. Puto nalo huingizwa kwa mdomo na kuondolewa baada ya miezi kadhaa. Kufyonza mafuta ni jambo jingine kabisa: hubadilisha umbo, haitibu unene. Nako kuna hatari zake. Mnamo Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa hivyo jijini, na Baraza la Madaktari (KMPDC) likasimamisha leseni ya kliniki iliyohusika.

Sasa tuingie kwenye pesa. Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Daktari anayelipwa kwa kila upasuaji hapati ada hiyo akikushauri ubadilishe chakula na kutembea. Aliyebobea katika aina moja ya upasuaji huenda akauona unamfaa kila mtu. Kampuni ya bima nayo huvutia upande wa pili: ikikataa kulipa, imeokoa hela zake, hata kama wewe unahitaji tiba hiyo. Si lazima yeyote kati yao awe mwovu. Hata mtu mwema hupotoshwa na mfuko wake bila kujua. Mzigo hubaki kwa familia, inayokopa kwenye chama au kuitisha harambee.

Ndiyo maana sheria imekupa ngao. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu akueleze njia zote za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama ya kila moja, na haki yako ya kukataa, kwa lugha unayoielewa inapowezekana. Nayo hati ya haki za wagonjwa ya mwaka wa 2013 inakupa haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili.

Kwa hivyo, kabla ya kutia sahihi, fanya haya:

Kwanza, pima. Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 100 na urefu wa mita 1.6 atapata 39. Mwongozo wa wapasuaji wa mwaka wa 2022 unapendekeza upasuaji kuanzia 35, au 30 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari. Ikiwa uko chini ya hapo na mtu anakuharakisha, shtuka.

Pili, uliza: "Daktari, nisipopasuliwa, nina njia gani nyingine? Wewe umefanya upasuaji huu mara ngapi? Mambo yakiharibika, nani atalipa?"

Tatu, omba gharama yote kwa maandishi, pamoja na vitamini na ziara za baadaye. Kipunguzo cha bei kinachoisha Ijumaa ni mbinu ya muuza viatu.

Nne, hakikisha jina la daktari limo katika sajili ya KMPDC, ambayo ofisi zake ziko Kilimani, karibu na Barabara ya Lenana.

Tano, tafuta daktari wa pili asiyefaidika na uamuzi wako, kisha keti na jamaa zako mzungumze.

Daktari mwema hataudhika kwa maswali haya. Anayeudhika amekujibu tayari. Ukiisha kujua yote na ukachagua kisu, chagua bila aibu. Ukichagua kutembea kila asubuhi, vilevile. Muhimu ni kuwa uamuzi uwe wako, wala si wa anayesubiri malipo.