Kachumbari ya embe haihitaji nyanya

Mwaka 1331 msafiri wa Tangier, Ibn Battuta, alishuka Mogadishu akawa mgeni wa sultani. Akaandaliwa wali uliopikwa kwa samli kwenye sinia kubwa la mbao, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Kando kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, kisha maziwa ya mgando yaliyoandamana na malimau ya kusindika, pilipili za mashada zilizolowekwa kwenye siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Embe hilo alilieleza vizuri: likiiva ni tamu na huliwa kama tunda, likiwa bichi ni kali kama limau na hutiwa siki. Wenyeji, anasema, walikuwa wakila tonge la wali kisha wakifuatisha kidogo ya vile vichachu. Hakuacha kusema pia kwamba mtu mmoja wa Mogadishu alikula chakula cha kikundi kizima cha watu wa kwao, na kwamba walikuwa wanene mno. Mgeni aliyekirimiwa hivyo angeweza kulimeza hilo na wali wake.

Karibu miaka 700 baadaye, kwenye mikahawa ya Masaki na Nyali, samaki wa kuchoma huletwa na kibakuli cha embe lililokatwa vipande vidogo pamoja na kitunguu, pilipili, ndimu na kotimiri. Menyu inakiita salsa ya embe, na bei inapanda kwa heshima ya jina. Chakula chenyewe ni kizuri, sina ugomvi nacho. Kinachoniudhi ni kuona watu wa pwani wakikipokea kama ujuzi mpya kutoka ng'ambo. Mtoto aliyewahi kununua embe bichi la chumvi na pilipili nje ya geti la shule anaijua ladha ile. Mnywaji wa urojo wa Unguja, ambao wapishi wengi huutia embe bichi, anaijua. Na anayesusa biriani lisilo na achari anaijua kuliko sote.

Hata hivyo Wameksiko, wenye salsa yao, wana fungu lao katika bakuli hili, tena si dogo. Pilipili alizokula Ibn Battuta zilikuwa za jamii ya pilipili manga. Pilipili mbuzi, pilipili kichaa na hata nyanya zilikuwa bado upande wa pili wa Atlantiki, zikilimwa na kuliwa na watu wa huko, na hazikuanza kuja huku hadi meli za Wareno zilipozunguka bahari hizi katika karne ya 16. Karne hiyohiyo mtawa wa Kihispania, Bernardino de Sahagún, alikuwa akikusanya habari za Waazteki katika vitabu 12, na katika kile cha 10, anapowaeleza wafanyabiashara wa sokoni, wamo wauzaji wa michuzi ya pilipili. Embe lenyewe, ambalo ni la Asia, lilifika kwao kwa kuvuka Pasifiki. Merikebu za Wahispania zilikuwa zikienda na kurudi kati ya Manila na Acapulco kuanzia 1565 hadi 1815, na mpaka leo aina moja ya embe inayopendwa sana Meksiko huitwa Manila. Huko nako linauzwa barabarani likiwa limenyunyiziwa chumvi, ndimu na unga wa pilipili. Mtu aliyezoea kupunga upepo Lighthouse, Mombasa, akishushwa pale atajua la kuagiza.

Tuingie jikoni, au tuseme kwanza sokoni, kwa sababu kachumbari hii huharibikia sokoni. Watu huchagua embe bivu kabisa, lile ambalo ukiling'ata maji yanatiririka hadi kwenye kiwiko. Hilo ulile hivyohivyo, umeinama juu ya sinki. Ukilikatakata, baada ya dakika kumi bakuli lina uji. Embe changa halina ladha ya maana, na bichi gumu ni la achari. Unalotafuta ni embe pevu lililoanza tu kuiva. Ukilibonyeza karibu na kikonyo linaitika kidogo, harufu imeanza kutoka, na ndani nyama ni ya njano ilhali kisu bado kinakata, hakizami. Embe la namna hiyo lina utamu na uchachu kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu nusu ya kazi ya mpishi inakuwa imekwisha kabla hajawasha jiko. Tena hakuna jiko la kuwasha.

Rangi isikudanganye. Tommy Atkins, embe linalopandwa sana kwa ajili ya kusafirishwa nje, huwa na wekundu wa kuvutia hata likiwa halijaanza kuiva. Nusa, bonyeza, kisha ndipo uulize bei. Kwa upande wangu nachagua bolibo, ambalo Kenya huandikwa boribo, au ngowe, lile refu lenye ncha iliyojikunja kama mdomo wa kasuku, kwa kuwa nyama yao haina nyuzi za kusumbua. Maembe yenye nyuzinyuzi yana wapenzi wake, nami ni mmojawao, lakini starehe yake ni kufyonza kokwa, kisu hakiyawezi.

Ukikuta mapevu magumu tu, nunua ukayavundike. Yafunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, kwa sababu ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva, na baada ya siku mbili tatu uwe unayakagua. Nanasi halina subira hiyo. Likishachumwa utamu wake hauongezeki tena. Linalainika, linageuka rangi, mwisho linachacha. Kwa hiyo nanasi la Kiwangwa linalouzwa kando ya barabara ya Bagamoyo linunuliwe kwa pua: linuke nanasi chini, kwenye kitako, na lisinuke pombe.

Kwa walaji wanne au watano nachukua maembe mawili makubwa kiasi, robo ya nanasi, nusu ya kitunguu maji chekundu, nusu ya pilipili mbuzi, kipande kidogo cha tangawizi, ndimu mbili, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na fungu dogo la kotimiri, ambayo Nairobi utaiomba kwa jina la dania. Osha kila kitu kwanza kwa maji safi, hata kile utakachokimenya, maana kisu hubeba uchafu wa ganda na kuuingiza ndani. Embe lioshwe vizuri zaidi pale kwenye kikonyo. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na aliyewahi kubangua korosho anajua mafuta ya ganda lake yanavyoifanya mikono. Utomvu wa embe hauna ukatili huo, lakini midomo ya watu wengine huwasha na kuvimba.

Kitunguu kinatangulia. Kikate vipande vidogo kuliko vya kitu kingine chochote, kifikiche kwa chumvi kidogo, kisuuze, kikamue. Ni desturi ileile ya kachumbari ya pilau, na ina sababu: kisu kinapopasua kitunguu ndipo kemikali za salfa zinapotengenezwa, zile zinazochoma macho na kukaa mdomoni hadi jioni, na maji huzichukua. Kisha kimiminie maji ya ndimu moja, kikae dakika kumi hivi. Kitageuka rangi ya waridi na kupoa ukali.

Wakati huo kata embe. Lisimamishe, shusha kisu kila upande wa kokwa upate mashavu mawili, chora mistari ya kukatizana bila kufika kwenye ganda, utoe vipande kwa kijiko. Sentimita moja inatosha. Vikiwa vikubwa, mlaji atapata embe kwenye kijiko hiki na kitunguu kwenye kile, na hapo hakuna kachumbari, kuna vitu vilivyokaa bakuli moja. Nanasi likatwe dogo zaidi kidogo, tangawizi ikwanguliwe.

Pilipili ina imani zake. Wengi hutoa mbegu wakadhani wametoa ukali. Ukali umekaa kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Mbegu huwa kali kwa kuugusa tu. Ukitoa utando unabaki na nyama ya pilipili mbuzi yenye harufu ya tunda, na ni kwa ajili ya harufu hiyo naipendelea kuliko pilipili kichaa, ambayo huja na moto mtupu. Baada ya kuikata, jipake mafuta ya kula viganjani kabla ya sabuni, kwa sababu kemikali ya ukali, kapsaisini, huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji.

Chumvi itiwe mwishoni, robo saa kabla ya kula. Hapa ndipo wengi wanapoipoteza kazi nzuri. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye tunda, na kachumbari iliyotiwa chumvi saa tano asubuhi kwa ajili ya mlo wa saa nane itakuwa inaogelea. Lakini usiiogope pia. Wapo wanaoona vibaya kutia chumvi kwenye kitu kitamu, wakatia ndimu, wakaongeza ndimu, na bado ladha imelala. Onja, na kama imelala, ongeza punje za chumvi kabla ya kugusa ndimu nyingine: chumvi hufunika uchungu, utamu ukapata nafasi ya kusikika. Kotimiri ifuate, majani na vijiti vyake vyembamba, kisha changanya kwa mkono mwepesi.

Nyanya nimeiacha makusudi. Huleta maji na uchachu, na vyote viwili vimo tayari. Tango linakubalika ukiondoa mbegu. Parachichi ni zuri mno, hasa la Njombe, mradi likatwe dakika ya mwisho na kupakwa ndimu lisigeuke jeusi. Sukari haina kazi hapa; embe lako likihitaji sukari, ulilichukua mapema, livundike. Mayonaizi na tomato sosi sitaki hata kuzisikia. Na anayetumia blenda ili amalize haraka ametengeneza juisi yenye kitunguu.

Mlo wake halisi ni samaki. Changu au kolekole aliyechomwa juu ya mkaa, ngozi ikiwa imebabuka kidogo, ana mafuta na moshi, na vyote hivyo vinaomba kitu baridi, kichachu na kitamu. Iweke juu yake anapofika mezani, si kabla. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na papai bichi lina cha kwake. Ndiyo maana wachoma mishkaki hutia papai bichi kwenye nyama ili ilainike. Kwenye nyama ngumu ni msaada. Kamba au samaki akilazwa kwenye nanasi tangu asubuhi atakuwa tope jioni.

Wasiokula samaki wasijione wametengwa. Muhogo wa kuchoma unaipenda kachumbari hii, na wali wa nazi na maharage unakuwa mlo mwingine kabisa ukiwekewa vijiko viwili pembeni, kwa utaratibu uleule wa tonge na kichachu aliousimulia mgeni wa Mogadishu. Dagaa wa kukaanga wanafaa. Kwa nyama choma mimi huongeza pilipili na kupunguza nanasi.

Tunda lililokatwa si la kuachwa mezani mchana kutwa. Kwenye joto la Dar es Salaam la Januari saa moja nje ya friji inatosha; mikoa ya baridi unaweza kujipa saa mbili. Ndani ya friji itafika kesho yake ikiwa imelegea na kutoa maji mengi. Usiitupe. Ichuje, tia vijiko vitatu vya siki na kimoja cha sukari (hapo sukari ina kazi), chemsha hadi iwe nzito, na una chatne ya kula na sambusa. Yale maji uliyochuja yana ndimu, chumvi, pilipili na utamu wa embe: yamimine kwenye kuku atakayechomwa jioni, lakini kama ulitia nanasi usimlaze nayo zaidi ya nusu saa. Maembe yakiadimika baada ya Februari, bakuli lilelile linakubali nanasi peke yake, au papai pevu lililo gumu kidogo, lenye ndimu ya ziada kwa sababu papai halina uchachu wake. Tikitimaji nimelijaribu pia. Ni maji.